Nilimwacha Mke kwa Ngumi Nisiyoiona

Nimekosa, ndugu zangu. Nimekosa vibaya, wala sina wa kumsingizia. Jina langu msiniulize, maana hapa Tanga mtu akijua jina lako kesho anakupigia hodi, na mimi sitaki kuonewa huruma.

Niseme wazi tangu mwanzo: nilimpa mke wangu talaka tatu kwa sababu ya ubishi wa ngumi. Na ngumi zenyewe si zangu! Ni za mabondia, watu wasionijua hata sura.

Mimi ni fundi baiskeli, mtaa wa Ngamiani. Kila siku baada ya sala ya alasiri tulikuwa tukikaa kwenye baraza ya kinyozi jirani yangu, tunakunywa kahawa, na mazungumzo ni yale yale: nani katika dunia nzima ana konde zito kuliko wote. Huyu atasema ni yule Mmarekani mweusi aliyekuwa bingwa siku za vita. Yule atasema la, ni huyu Mzungu aliyempiga akamtoa nje ya kamba. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuwaona! Tuliwajua kwa picha za magazeti na kwa kusomewa na karani mmoja wa reli. Lakini ukitusikia tunavyobishana, utadhani tumelala nao chumba kimoja.

Mimi nilikuwa na wangu. Tukimwita Shoka, mchukuzi wa bandarini hapa hapa Tanga. Nilikuwa nikiwaambia wenzangu kwamba konde la Shoka la mkono wa kulia Mmarekani yeyote hawezi kulisimamia. Sijui nilimpendea nini hasa. Nadhani ni kwa kuwa alikuwa mtu wetu, na sisi watu wetu hawaandikwi kwenye magazeti.

Aliyekuwa akinikera ni Athumani, fundi cherehani. Kila nikimsifu Shoka, huyo anacheka. Siku hiyo tukafika kwenye lile pambano la Shoka na askari mmoja wa Mombasa, ambalo mji mzima ulikuwa umelisimulia. Watu walisema askari alikula konde moja tu, akalala mpaka akamwagiwa maji.

"Konde gani, yakhe?" Athumani akasema. "Yule aliteleza. Ulingo ulikuwa umelowa."

"Aliteleza! Wewe ulikuwepo?"

"Sikuwepo. Na wewe je?"

Hapo ndipo shetani aliponikalia mdomoni. Sikuwepo! Siku ile hata mjini sikuwepo, nilihadithiwa tu kama wao. Ningesema hivyo, tungecheka na kahawa ingeendelea. Lakini wote walikuwa wananitazama, kinyozi kasimamisha wembe, na Athumani anatabasamu.

"Nilikuwepo," nikasema. "Nimeliona konde lile kwa macho yangu haya."

"Apa."

"Wallahi!"

"Wallahi yako tumeizoea. Juzi umeapia samaki."

"Basi kama sikuliona kwa macho yangu, mke wangu Mwanaidi talaka tatu!"

Athumani akaacha kutabasamu. Kwetu mtu akishaapa kwa talaka, hakuna tena wa kumbishia. Wakasema nimeshinda! Kinyozi akanimiminia kikombe kingine, nami nikakinywa, mjinga mimi, huku mke nimeshamwacha.

Nyumbani nilimkuta Mwanaidi anakuna nazi. Akanipakulia wali, nikala. Moyoni najiambia maneno ya barazani hayahesabiwi, talaka ni mpaka mtu anuie. Nilikuwa najidanganya na nilijua najidanganya. Niliishi naye hivyo miezi miwili, mimi najua na yeye hajui! Hilo linaniuma kuliko yote.

Alikuja kulisikia harusini. Wanawake jikoni walimtania kwamba mumewe kaapa talaka yake kwa ngumi ya Shoka. Akarudi hana kicheko. Akaniuliza pambano lile lilikuwa lini, nikajifanya nimesahau.

"Mimi sijasahau," akasema. "Ni siku tuliyomzika baba, kule kwetu Moa. Vijana waliotoka mjini walifika matangani wakisimulia hiyo ngumi, kaka akawafokea. Wewe mchana ule ulikuwa umeshika jeneza. Sasa hiyo ngumi uliiona wapi?"

"Ulikuwa mzaha tu, mke wangu."

"Mzaha? Haya, twende kwa mwalimu, ukamfanyie na yeye mzaha."

Tukaenda. Mwalimu ni mzee aliyenisomesha Kurani chuoni tangu udogo wangu. Mwanaidi akakaa nyuma ya pazia. Nikatoa shikamoo, akaitikia, akasikiliza yote, kisha akauliza jambo moja: niliona au sikuona? Nikaanza kuzunguka. Nikasema nilikuwa na hasira, nikasema walinichokoza, nikasema askari kweli alianguka.

"Sikukuuliza habari za askari," akasema. "Uliona au hukuona?"

"Sikuona, mwalimu."

"Basi huna mke tangu alasiri ile."

Nilitega sikio nisikie kilio. Mwanaidi alijifunga buibui lake, akamuaga mwalimu kwa adabu, akatoka.

Wenzangu wa baraza sasa wakawa mabingwa wa kutoa shauri. Athumani, yule yule, akasema kwa kuwa wa talaka tatu harejewi mpaka aolewe na mwingine, basi atafutwe mtu amwoe siku mbili kisha amwache, nimrudie. Na mimi nikakubali! Nikapeleka salamu kwao Moa, alikorudi kukaa eda. Jibu likaja: "Mwambieni mimi si baiskeli, niazimwe nikarudishwe."

Eda ilipokwisha nikaona niende mwenyewe nikapige magoti akubali. Mama mkwe alinipokea vizuri, akanipa maji. Akaniambia Mwanaidi kaolewa Ijumaa iliyopita na seremala wa pale pale. Maji nikayaweka chini.

Kisha mama akanitazama. "Mwanangu, siku ya msiba nilikuona umembeba mume wangu, nikasema Mungu kanipa mtoto wa kiume mwingine. Kumbe wewe mwenyewe umeapa kwamba siku hiyo ulikuwa kwenye ngumi."

Nilimbeba, jamani! Begani kwangu, kutoka nyumbani mpaka kaburini! Ni jambo jema nililolifanya, na nimelikana kwa kiapo mbele ya watu kwa ajili ya konde la mchukuzi. Niliaga nikaondoka.

Barazani siendi tena. Nasikia bado wanabishana, na Athumani bado anasema askari aliteleza.

Nanyi mnaokaa mabarazani, bishaneni mpaka mate yawakauke, lakini wake zenu msiwatie kinywani. Mtu akikubana, mwambie "umenishinda." Ni neno moja tu! Mimi lilinilemea, nikaona talaka ndiyo nyepesi kutamka.