Kibuyu Nilichopeleka kwa Ndege za Kivita

Ulikuwa mwaka wa ugali wa manjano. Hata sisi wa Kimulot, majani chai yamefika mpaka mlangoni, tulikula ule unga wa msaada, na mzee wangu aliumeza amefunga macho kama mtu anayekunywa dawa.

Ndipo kijana wangu wa kwanza akatuandikia barua. Kambi yao ya ndege za kivita itafungulia familia mlango siku moja, tuje tuone. Yeye alikuwa anatengeneza injini huko. Miaka mitatu hakuwa amekanyaga nyumbani. Binti yake nilikuwa namlea mimi tangu mama yake afariki, na mtoto alimjua baba yake kwa picha tu.

Nilibeba kibuyu cha mursik. Hapo nilikosea. Kwetu maziwa hayo yaliyogandishwa kwa mkaa, mama humpokea nayo mtoto aliyetoka mbali, akifika boma. Lakini ningemwendea mtoto wangu mikono mitupu?

Tulifika kambini na mzee na mjukuu, na ndege ya kwanza ilipopaa, nililala kifudifudi na nguo yangu ya kanisa. Sioni aibu. Hata mzee alishika kofia kama inaibwa.

"Kogo, amka, imeshaenda!" mjukuu akanicheka mimi bibi yake.

Niliinuka nimejivuna. Mikono niliyoiosha mimi ndiyo iliyofunga nati za kitu kile!

Mjukuu akamvuta shati baba yake, aliyekuja kusimama nasi. "Utakuja nyumbani lini?"

"Karibuni," akasema, macho yakiwa kwenye ndege. Kisha akaita wenzake na mpiga picha. "Mama, lete mursik! Nipokee hapa, karibu na ndege, tupigwe picha."

Nikakumbatia kibuyu. "Maziwa haya ni ya mtu aliyefika nyumbani, na wewe hujafika."

Wenzake wakaguna. Mzee akaninong'oneza, "Mpe, mama watoto. Usimwaibishe mbele ya watu."

"Mama, ni maziwa tu," kijana akasema. Alikuwa anacheka, lakini mkono ulibaki umenyooshwa, kucha zimejaa grisi.

Nilitaka kumpa, Mungu anajua. Mpaka leo nikisafisha kibuyu kile nauona ule mkono, na kuna siku najiona nilikuwa mkali bure. Lakini mjukuu alikuwa bado ameshika shati la baba yake, hajaliachilia. Nikamwambia tena, polepole, "Maziwa haya ni ya mtu aliyefika nyumbani, na wewe hujafika."