Jumanne za Alma Deknudt

Leisele ni kijiji cha Ubelgiji ambacho ukirusha jiwe kwa nguvu linaangukia Ufaransa. Hata hivyo Alma Deknudt, mjane mfuga njiwa wa mashindano, hakuna aliyewahi kumsikia akitamka neno la Kifaransa. Na hapo kijijini haikuwa aibu, ilikuwa karibu sifa.

"Wafaransa wakija kwetu, tunasema chao," Wilfried mwenye baa alipenda kulalama huku akifuta glasi. "Tukienda kwao, tunasema chao tena. Sasa Kiholanzi chetu kitasemwa lini, siku ya kiyama?"

"Na bado watauliza mbona tumenuna," Alma angeongeza, na baa nzima ingecheka.

Kumbe kila Jumanne, akitoka na taulo kwapani eti anakwenda kuogelea mjini Veurne, Alma alikuwa anakwenda darasani kujifunza Kifaransa. Alianza mumewe Odiel alipofariki. Nyumba ilikuwa kimya mno, na redio yake ilishika vizuri stesheni za ng'ambo ya mpaka tu. Alichoka kusikia watu wakicheka asijue wanachekea nini. Lakini aliyeongea Kifaransa bila kulazimika alionekana anajikweza, basi akafunga mdomo.

"Shemeji, mbona nywele zako hurudi kavu?" Jerom, mdogo wa Odiel, alimuuliza siku moja.

"Navaa kofia. Wewe maji huyajui, utajuaje?"

Jumamosi moja njiwa waliachiwa Bourges, mbali kule Ufaransa, washindane kurudi nyumbani. Dume wa buluu wa Alma hakurudi. Huyo ndiye aliyebaki wa ukoo alioulea Odiel kwa mikono yake. Wengine kipanga alishawamaliza. Jike wake, aliyetengwa naye kabla ya mashindano ili dume awe na hamu ya kurudi, alishinda bandani akiguna.

Jumapili Alma na Jerom wakiwa baa, simu ya Alma iliita. Mwanamke wa Kifaransa, mkulima wa karibu na Arras, alikuwa amemwokota njiwa na kusoma namba ya simu kwenye pete ya mguuni. Kwa mazoea tu Alma akampa Jerom simu. Jerom alikuwa amezeekea kiwandani Lille, Ufaransa, na ndiye aliyekuwa mdomo wa kijiji kwa Wafaransa.

Jerom alisikiliza, akaitikia kwa Kifaransa laini kama siagi: "Usijisumbue, mama. Kwetu njiwa aliyepotea hana kazi tena. Mvunje shingo, umpike na njegere."

Mfugaji yeyote pale angejibu hivyo hivyo. Kisha Jerom akamgeukia Alma, kwa upole, kwa lugha yao: "Anasema ndege yuko hoi, shemeji. Hatapona."

Alma alimnyang'anya simu.

"Madam, usimguse! Nakuja mwenyewe. Mpe maji na mahindi kidogo, paka asimkaribie. Shamba lako liko wapi?"

Kifaransa chake kilikuwa na matege, lakini kilitembea. Upande wa pili mwanamke alishusha pumzi. Alisema yeye hata kuku hamchinji, mumewe ndiye humchinjia, na mumewe mwenyewe hufumba macho. Alma akaangua kicheko. Safari hii alijua anachekea nini.

Alipokata simu, baa nzima ilikuwa imemgeukia.

"We Alma!" Wilfried alisema. "Tangu lini?"

"Tangu Jumanne nyingi."

Jerom alikuwa mwekundu hadi masikioni. "Nilitaka kukupunguzia safari, shemeji. Ndivyo tufanyavyo sote."

"Najua. Lakini huyu ni wa Odiel."

"Kwa hiyo kuogelea kote kule..."

"Nimeogelea, Jerom. Na leo nimevuka." Akachukua kikapu cha njiwa mlangoni na funguo za gari.

Jioni dume alikuwa bandani, amekonda, bawa limelegea, na jike amenyamaza ubavuni pake.

Jumanne iliyofuata Alma alipita mbele ya baa na vitabu mkononi. Taulo aliliacha kambani.