Leseni ya Daraja la Nane

Baba yangu alijenga nyumba kwa zaidi ya miaka thelathini bila kuwa mwanakandarasi. Alikuwa fundi. Tofauti hiyo sikuijua nikiwa msichana mdogo pale mtaani Satellite, ambako tulikuwa tukitoka kanisani naye akinionyesha kuta njia nzima: huu ni wangu, ile ngazi ni yangu, lile geti nililisimamisha mara mbili kwa sababu mwenye nyumba alinunua gari kubwa zaidi. Mimi niliamini nusu ya mtaa ni yetu.

Kila kazi aliifanya chini ya karatasi ya mtu mwingine. Mtu huyo alifika siku ya kwanza na siku ya mwisho, viatu vikiwa safi, na jina lake ndilo lililoandikwa kwenye ubao wa mjengo. Baba hakulalamika. Lakini alipopita miaka sitini aliniambia angependa nyumba moja, hata ndogo, ijengwe chini ya ubao wake mwenyewe.

Tukaenda mjini Jumatatu asubuhi kuuliza leseni. Alivaa koti alilonunua kwa ajili ya harusi yangu, na mkononi alibeba bahasha ya picha za nyumba alizojenga. Kwenye ofisi ya usajili, dirisha la wanakandarasi, tulimkuta kijana mpole, akazitazama picha zote, moja baada ya nyingine, bila haraka.

"Mzee, hizi nyumba ni safi sana," alisema. "Lakini leseni haitolewi kwa picha."

Akatueleza. Madaraja yako nane. Wa daraja la kwanza hawana mpaka, wao ndio wanaojenga yale majengo marefu tuliyoyapita tukija. Kadiri unavyoshuka ndivyo kazi unayoruhusiwa inavyopungua ukubwa, mpaka la nane, ambalo ni la nyumba ndogo ndogo. Na si daraja peke yake, kuna pia aina ya kazi. Aliyesajiliwa kwa majengo hajengi barabara. Barabara ina leseni yake, maji yana yake, umeme una yake.

"Na mimi nitaingia wapi?" Baba akauliza.

"Kampuni lazima iwe na mtu aliyesomea ujenzi chuoni. Uko na cheti gani, mzee?"

"Niko na cha ubatizo."

Kijana hakucheka. "Basi tunaweza kukusajili kama fundi. Unapewa kadi. Inakuruhusu kufanya uashi kwa mjengo wa mwanakandarasi."

"Hiyo nimeshafanya," Baba akasema.

Nilikuwa nimesimama kando yake nikitazama sakafu, kwa sababu nilijua swali linalofuata. Kijana aliniuliza nimesomea nini. Nilisomea ujenzi. Baba alinilipia diploma kwa matofali ya watu wengine, kisha mimi nikaishia kwenye ofisi ya Hurlingham, nikiwapigia wanakandarasi chapa maombi yao ya zabuni. Nilikuwa sijawahi kusimamia hata choo.

"Diploma?" kijana akasema. "Sasa shida iko wapi?"

Kwa hiyo leseni ikatoka kwa vyeti vyangu. Daraja la nane, majengo. Baba aliifurahia, nami nilimwona akiifurahia, lakini siku ile kwenye ngazi za ile ofisi alikuwa ameniambia kitu kimoja tu: "Kumbe ni wewe nilikuwa najenga." Mpaka leo sijui kama ilikuwa shukrani au ni uchungu.

Kazi yetu ya kwanza ilipatikana Mutuini. Mwenye kazi alikuwa mwalimu mstaafu, mama mmoja kutoka Makueni, aliyenunua kipande cha shamba na kutaka nyumba ya kupangisha, chini vyumba na orofa moja juu. Ilikuwa ndani ya daraja letu. Mradi ukasajiliwa, ubao ukasimikwa kando ya majani ya ng'ombe ya jirani. Baba aliusimamisha mwenyewe na kuupima kwa pimamaji kana kwamba ni ukuta. Juu lilikuwa jina la kampuni. Chini yake, palipotakiwa jina la mhusika, lilikuwa langu.

Mimi nilikuwa nikifika Jumamosi, na siku nyingine jioni nikitoka ofisini. Kazi ya chini ilikwenda vizuri. Tulipoanza nguzo za juu ndipo nikaanza kuona mambo madogo. Baba alikuwa akimpa fundi mwenzake utepe wa vipimo na kumwambia, "Soma hapo," kama mtu anayefundisha. Mwenzake huyo alikuwa amejenga naye tangu mimi sijazaliwa, hakuwa na cha kufundishwa. Siku nyingine nilimwona Baba akiufuata uzi wa kupimia kwa kidole, kutoka kona hadi kona, uso ukiwa umegeukia pembeni. Nikajiambia ni uzoefu. Nilitaka uwe uzoefu.

Jumamosi moja nilipanda juu wao wakiwa kwenye chai. Sijui kilichonisukuma. Nilichukua timazi, ule uzi wenye uzito wa chuma, nikaishusha kwenye nguzo ya tatu. Chini, uzi ulisimama mbali na nguzo kwa upana wa vidole viwili. Nikarudia upande wa pili. Nikaenda ya nne. Ya nne ilikuwa mbaya zaidi.

Fundi mwenzake alipanda akanikuta nimeishika ile timazi. Akaitazama nguzo ya nne kabla sijamwonyesha.

"Umejua tangu lini?" nikamwuliza.

"Mama, huyo ni mzee wangu," akasema. "Nilikuwa narekebisha alfajiri, kabla hajafika. Hizi mbili zilinipita. Nilikuwa nimeenda matanga nyumbani."

Baba akaja nyuma yake, kikombe bado mkononi. Nilimwambia nguzo ya tatu na ya nne hazijasimama.

"Nani amesema?"

"Timazi."

"Hiyo timazi imenunuliwa wapi?"

Mafundi waliokuwa wakipanda wakacheka, maana walidhani tunataniana. Baba akaweka kikombe chini, akaiendea nguzo ya tatu na kuipapasa kwa kiganja, kuanzia chini hadi mkono wake ulipofika. Aliipapasa muda mrefu. Nilitamani aseme ni mimi niliyekosea. Ningemwamini. Ningeirudisha ile timazi kwenye mfuko wake na kwenda nyumbani.

"Mkono unaniambia iko sawa," akasema.

"Na macho?"

Akauondoa mkono kwenye nguzo.

Slabu, zege la kulalia juu ya nguzo hizo, ilikuwa imwagwe juma lililofuata. Nilimpigia mwalimu simu, naye akaja kwa bodaboda, akapanda polepole akiwa ameshika sketi. Nilijaribu kumweleza bila kumtaja Baba. Nilisema nguzo zina kasoro. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akanitazama kama anavyotazamwa mwanafunzi anayezungukazunguka jibu.

"Mimi nimeandikishana na wewe," akasema. "Huyu mzee namheshimu, lakini kwenye ubao ni wewe. Niambie wewe: watu watalala hapa chini ama hawatalala?"

Leseni iliniruhusu kujenga nyumba ile. Iliniruhusu pia kusema isiendelee, na hilo sikuwa nimelifikiria siku tulipoiomba. Hakuna mahali ilipoandikwa mtu anamwambiaje baba yake. Mafundi walikuwa wamesimama wakingoja, Baba naye alisimama akingoja, na mimi nikaanza kulia mbele ya watu wote, mwanakandarasi mzima.

Mwisho ni yule fundi mwenzake aliyesema. "Leteni nyundo," akasema kwa sauti ya chini.

Baba akashuka. Aliosha mwiko wake kwenye pipa, akaufuta, akavuka barabara na kuketi kwenye kibanda cha chai. Tulizibomoa zile nguzo alasiri nzima, naye alikuwa pale ng'ambo akisikia kila pigo. Nilipomfuata alikuwa bado na chai ileile, imepoa.

"Twende nyumbani, Baba."

"Wamemaliza?"

"Bado ya nne."

"Basi tungoje," akasema.

Tukangoja.

Hospitalini daktari alisema ni presha ya macho. Imekuwa ikimla kidogo kidogo kutoka pembeni, kwa miaka, na kilichopotea hakitarudi. Dawa ya matone ingelinda kilichobaki. Baba aliuliza swali moja, kama uzi mweupe utaonekana. Daktari hakuelewa, nikalazimika kumfafanulia. Akasema hawezi kuahidi.

Mwalimu alitafuta kampuni nyingine, na simlaumu. Walikuja na ubao wao, wa daraja la juu kuliko letu. Fundi mwenzake alibaki nao kwa sababu ana watoto shuleni. Alikuja Satellite kumwomba Baba ruhusa, na Baba akampa, kisha akampa na pimamaji.

Nilirudi mara moja kwa yule kijana wa dirishani, saa ya chakula cha mchana. Nilitaka kujua kama kuna usajili wowote wa mtu mwenye ujuzi asiyeona vizuri, labda msimamizi, labda mshauri. Alinikumbuka. Alifungua kijitabu chake, akapekua ukurasa baada ya ukurasa, madaraja yote, aina zote, kadi za mafundi, kadi za wasimamizi. Alitafuta kwa moyo, niliona. Kisha akakifunga.

"Sijaona mahali pa kumweka, sista," akasema.

Nikamshukuru. Sikuwa na la kumlaumu, wala yeye hakuwa na la kunipa.

Leseni huhuishwa kila mwaka, nami nimeihuisha. Kuna mtu alinipigia akitaka kuiazima ajengee Kawangware, bila mimi kuhitaji hata kufika. Nilimkatalia kabla hajamaliza. Nilipomweleza, Baba akauliza huyo mtu anataka kujenga nini, orofa ngapi, udongo wa pale ukoje. Alikuwa ameketi wima kitini. Nilimjibu sijui, sikumwuliza. Akasema ningemwuliza tu.

Kisha ikawa saa ya dawa. Matone hayo huwekwa asubuhi na jioni, na bado sijawa hodari. Yeye huinamisha kichwa nyuma, mimi hulivuta kope la chini, na mara nyingi tone la kwanza humwangukia shavuni.

"Umekosa," husema.

"Nimekosa, Baba."

"Rudia."

Na mimi hurudia.