Hotpoti Ilirudi Tupu

Mama yetu alivunjika nyonga bafuni, nyumbani Mbagala, akafanyiwa upasuaji katika hospitali moja upande wa Temeke. Daktari alisema mfupa umekaa sawa. Kilichobaki ni kidonda kufunga, na kidonda cha mzee hufunga kwa chakula. Basi tukapika. Mimi na dada yangu tulipika kama tuna harusi: wali wa nazi, changu wa kukaanga, mchicha wa karanga. Mchana tunampelekea, jioni tunachukua hotpoti. Ilirudi nyeupe, haina hata punje.

"Mama anakula huyo!" dada akatangaza mtaa mzima. Tukaanza hata kushindana kimoyomoyo, nani anapika kitamu zaidi.

Kidonda hakikufunga. Nesi akapita kwenye vitanda vya wazee akiwauliza kama wanakula, kama wamepungua. Sauti ya mama hakuisikia, maana dada alidakia: "Anakula, sista. Hotpoti inarudi tupu kila siku." Mama akatabasamu, akavuta khanga hadi kidevuni. Alikuwa amekataa katakata tumwogeshe. Mtoto hamuoni mama yake bila nguo, basi. Tulichokiona sisi ni uso, na uso wake ulikuwa umekonda tangu tukiwa wadogo.

Siku moja, muda wa kuona wagonjwa ulipokwisha, mvua ilinizuia kibarazani. Nikachungulia dirishani. Mama alikuwa anamsogezea hotpoti bibi wa kitanda cha pili, mtu wa bara ambaye ndugu zake walikuwa wakionekana kwa nadra. Yeye mwenyewe alilamba mchuzi kidogo, akafuta mdomo.

Niliingia na hasira zangu, hata shikamoo ya yule bibi nikaisahau.

"Mama, unataka kufa?"

"Usinipigie kelele mbele za watu. Chakula hakipiti, mwanangu, kila kitu kichungu. Nikikirudisha mtaanza nyie, nani kazidisha chumvi. Na mwenzangu hapa ana njaa. Nikitupe?"

Nilimwita nesi nikamweleza yote. Akavuta pazia, akampima mama mkono kwa utepe, akarudia kupima. "Huyu hajala siku nyingi," alisema. Hakunilaumu, na bora angenilaumu. Wakaanza kumpa maziwa ya lishe kwa kijiko, akayatapika, wakampitishia mpira puani. Mama aliuonea aibu ule mpira kuliko alivyouogopa. Kidonda kilikuwa kimeshaanza kunuka.

Alipofariki tulimrudisha nyumbani. Mkoshaji wa maiti, mama mtu mzima wa mtaa wetu, alituita sisi mabinti tumsaidie kumgeuza. Alimfunika shuka kama inavyotakiwa, lakini shuka likilowa halifichi mifupa. Mimi nilishika mabega, dada akashika miguu, tukajikaza kama watu wanaoinua mtu mzima. Akanyanyuka mara moja, mwepesi mno, hata tukapepesuka na ndoo ikamwagika.

Dada aliiweka ile miguu chini taratibu, akakaa kwenye sakafu yenye maji.

"Mama kafa na njaa," alisema. "Na sie tunapika."

Mkoshaji alimwambia anyanyuke ashike miguu, kazi bado haijaisha.