Zamu ya Bi Swalha

Waafrika wenzake wa mtaa wa Xiaobei hawakumwelewa Bi Swalha hata kidogo. Mtu umetoka Unguja mpaka Guangzhou, una wateja wanaokusubiri uwanunulie vitambaa, halafu Jumapili unavaa raba chini ya buibui unakwenda kupanda mlima na Wafaransa? Kufuata nini huko juu? Dullah, wakala wa mizigo mwenye ofisi barabara ya Huanshi Zhonglu, alimwuliza kila Jumatatu amerudi na nini, na kila Jumatatu alijibiwa kwamba amerudi na miguu yake.

Ukweli ni kwamba alikuwa amechoka. Miaka nenda miaka rudi aliijua China kwa vitambaa tu: asubuhi soko la Zhongda, jioni ghalani, na katikati yake wauzaji wanaokwambia "meiyou", hakuna, bila hata kuinua uso kwenye simu. Ndipo mteja wake mmoja wa Kongo akamchukua kwenye matembezi ya Wafaransa wanaoishi mjini hapa, walimu na mainjinia na wake zao. Akakaa nao kwenye majani, akasikia ndege wanalia, akashangaa kumbe mji huu una ndege. Kifaransa hakikumpa tabu, maana mama yake ni Mngazija na yeye mwenyewe alisomeshwa Moroni. Wenzake walizisogeza chupa zao za mvinyo upande wa pili bila kuambiwa, naye akawa anakuja na sambusa za kuku, zikaliwa mpaka chengachenga.

Matembezi hayo yalikuwa na desturi moja aliyoipenda kuliko zote. Kila Jumapili huongoza mtu mmoja, kwa zamu. Njia anaichagua yeye, na hakuna anayeuliza wanakwenda wapi, wala anayempita mbele. Bi Swalha aliingoja zamu yake tangu mwaka jana. Alikwishakwenda peke yake Mlima Baiyun kutafuta njia, akaipata, ya mianzi na mawe yenye ukungu, mbali na vibanda vya soda. Alitaka kitu kimoja tu: atangulie yeye, na nyuma yake awasikie watu wazima wakihema.

Wiki ya zamu yake, Lucas, mwenyekiti mpya wa matembezi aliyeingia mjini juzijuzi, akaandika kwenye kundi la WeChat. Jumapili hiyo kutakuwa na wageni kutoka Ufaransa, kwa hiyo ataongoza yeye. Bi Swalha awafurahishe kwa sambusa zake, na akiweza avae khanga, wageni watapenda sana. Mwisho akaweka picha ya ua.

Damu ilimchemka. Kilichomuudhi zaidi ni lile ua, kwa sababu Lucas aliliweka kwa moyo mweupe kabisa. Alijiona anamheshimu.

Akapita ofisini kwa Dullah, naye Dullah hakuacha kusema kwamba alikwishamwonya.

"Bi Swalha, hao wanapenda sambusa, hawakupendi wewe. Laoban mzima, bosi mwenye biashara yako, unajidhalilisha kwa nini? Waachie mlima wao."

"Mlima wao tangu lini?" akasema Bi Swalha. "Ule mlima si wa Lucas, na si wako wewe unayenipangia Jumapili yangu. Nitakwenda, na nitatangulia."

Akaandika kwenye kundi maneno machache: zamu ni yangu, tukutane lango la kusini asubuhi. Ua hakuweka.

Jumapili alifika kwa buibui lake jeusi, raba, mwavuli, na mfuko mdogo. Lucas alikuwa pale na wageni, ramani mkononi, akiwaeleza kuhusu vigari vya waya vinavyopanda mlimani. Alipomwona akafurahi, akatafuta kapu la chakula kwa macho. Bi Swalha akasalimu wote, mkono kifuani, akageuka, akaanza kupanda.

Hakuangalia nyuma. Hapo ndipo moyo ulipomwenda mbio kweli, kwa maana kiongozi asiye na mtu nyuma yake ni mwanamke anayetembea peke yake tu, na kule chini Xiaobei wangelicheka mwezi mzima. Akapiga hatua, akapiga nyingine. Kisha akasikia fimbo ikigonga mawe. Ilikuwa fimbo ya Odile, mwalimu mstaafu, mkongwe wa matembezi yale, ambaye hakuuliza kitu kwa sababu desturi inasema usiulize. Nyuma ya Odile zikafuata raba nyingine, na nyingine, na wageni nao wakafuata wenyeji. Lucas alibaki na ramani yake kidogo, halafu akaja mbio. Kwenye mianzi akataka kupita ili awaelekeze watu. Bi Swalha akaunyoosha mwavuli, njia ikazibika.

"Leo unafuata, Lucas," akamwambia.

Akafuata.

Juu kabisa walitandika kitambaa, kila mtu akatoa mkate wake na jibini yake. Watu walikuwa wamelowa jasho na wanacheka. Bi Swalha akawaonyesha mji kwa ncha ya mwavuli: kule ng'ambo ya mto Zhongda, huku Yide Lu, pale Huanshi, mahali pote alipokuwa akitembea ameinamisha kichwa. Alikuwa na furaha, na hakuona haya kuonekana nayo. Kisha akafungua mfuko wake, akatoa tende chache na chupa ya chai ya tangawizi, chakula cha mtu mmoja.

Lucas akasogea, akauliza kwa sauti ya chini kama sambusa ziko kwa mtu mwingine.

Bi Swalha alikuwa akijimiminia chai. Hakuinua uso.

"Meiyou," akasema.

Odile akacheka mpaka akapaliwa. Bi Swalha akamaliza chai yake polepole, akafunga chupa, akasimama, na wote wakasimama, Lucas akiwa wa mwisho, anakung'uta kitambaa.