Pampu Nyekundu Juu ya Meko

Wivu haukuniingia kwa shamba wala kwa ng'ombe; uliniingia kwa pampu ya baiskeli. Asicheke mtu, kwani dhambi haichagui mlango.

Miaka ile kabla ya uhuru, nje kidogo ya Bungoma, pampu ya kusimama ilikuwa moja kijijini, nayo ni yangu. Siku ya soko, wanaume waliopeleka mahindi stesheni kwa baiskeli walipitia kwangu kwanza. Waliinama, wakasukuma, wakaniita Mwalimu kwa heshima. Nami niliitunza: nilifungua kifuniko, nikavuta fimbo, nikaipaka mafuta ya kondoo ile ngozi inayosukuma upepo, hadi ikawa laini kama sikio la mbuzi mchanga.

Kisha jirani yangu akarudi kutoka Kitale, alikoendesha trekta ya mzungu, akiwa na pampu mpya, ndefu, nyekundu. Siku ya soko iliyofuata, uwanja wangu ulikuwa kimya.

"Baba, ungeiona inavyometa!" mke wangu akasema.

Nilikuwa nikiitazama tangu asubuhi.

Jirani aliitundika juu ya meko, pale tunapotundika mahindi ya mbegu ili moshi uyakinge na fukusi. Ndivyo tulivyolelewa: chenye thamani hukaa kwenye moshi. Nilimwonya kwamba ngozi itakauka. Akacheka mbele ya watu.

"Mwalimu, wewe funza watoto hesabu. Hii ya Kitale haijui kukauka. Ama ni macho inakuuma?"

Watu wakacheka naye.

Kiangazi kilipokolea akaja kwangu, pampu begani.

"Mwalimu, imekufa kifua, bana. Nasukuma, inapumua tu."

Niliifungua. Ngozi ilikuwa imejikunja kama jani la tumbaku. Niliiloweka katika mafuta ya kondoo yenye uvuguvugu, nikaukunjua ukingo wake kwa kidole gumba, nikairudisha kwa kuizungusha polepole. Ikashika upepo. Sikuilipua kazi ile. Kazi haina adui.

"Usiitundike tena," nikamwambia.

"Nimesikia, Mwalimu. Asante sana."

Siku ya soko nilitoa pampu yangu nje, nikaipangusa, nikakaa kando yake. Baiskeli zilinipita na magunia yake, zikakata kona kwa jirani. Nikaisikia pampu yake ikivuta bila kukoroma.

"Hii ya Kitale ni dawa!" mtu akasema.

Nimesoma vitabu vingi vinavyokemea wivu. Hakuna kilichonifundisha la kufanya mtu asikiapo kazi ya mikono yake ikisifiwa kwa mwenzake. Nikachukua kopo la mafuta, nikaifungua pampu yangu, nikaipaka, ingawa haikuhitaji.