Amri Ileile, Kazi Haipo

Tulikuwa wawili kwenye kompyuta moja, katika chumba kilicho juu ya duka la vitambaa, mtaa wa Asiatique. Mwenzangu, mama wa makamo kutoka Buterere, kitongoji cha pembezoni mwa jiji, alishika zamu ya asubuhi. Mimi nilishika mchana mpaka saa ya kutotoka nje ilipokaribia. Tulipishana ngazini tu. Tulikuwa tunaandika programu ya bohari ya mfanyabiashara mmoja, mteja pekee aliyembakia bosi wetu wakati ule wa vita. Siku ninayoisimulia, ilikuwa imebaki siku moja tu aje kuitazama. Isipofanya kazi, chumba kingefungwa na sisi tungerudi nyumbani.

Mchana ule niliandika amri yangu ya kila siku, cvs update, ile inayoleta mabadiliko ya mwenzangu kutoka ghala letu la programu na kuyachanganya na yangu. Nikafungua faili niliyoihangaikia jana, ambayo sikuwa nimeipeleka ghalani. Hesabu ya magunia niliyoiandika haimo. Nikaandika tena, haimo. Nilianza kujiuliza kama kazi ile niliiota. Amri ni ileile, vidole ni vilevile, na haijawahi kunilia kitu. Nikaipiga meza, kisha nikaiandika tena kana kwamba mashine ni kiziwi. Wa kumuuliza hakuwepo: tangu alfajiri risasi zililia upande wa Buterere na barabara ilifungwa. Niliondoka na hofu mbili kichwani, ya kazi na ya mwenzangu, nisijue ipi itangulie.

Asubuhi iliyofuata niliwahi. Nilimkuta kitini, viatu vimejaa matope, nikamweleza. Hakushangaa. Katika zamu yake ya mwisho kabla ya risasi, alikuwa ameandika mstari mmoja katika faili ndogo ambayo jina lake huanza na nukta, kwa hiyo huioni ukitazama folda kwa kawaida. Humo ndimo unamoiambia kila amri ifanye nini usipoongeza neno. Aliiambia update itupe chochote ambacho hakijapelekwa ghalani, ilete nakala safi. Na kwa kuwa sote tuliingia kwa jina moja, katika folda moja, mazoea yake yakawa yangu.

Nilimuuliza kwa ukali kwa nini hakusema.

"Mi natokaka Buterere kila siku, ndugu yangu," alisema. "Siku sitafika, sikutaka ukute kazi yangu imekatikia mu katikati, iharibu na ya yako. Nilitaka uanze na ile nzima."

Hasira iliniisha, nikainama kutazama kioo. Akaandika ls -a, amri inayoonyesha hata faili zilizofichika, na kazi yangu ilikuwa pale: ile update ilikuwa imeiweka kando, nayo kwa jina lenye nukta mbele. Tuliirudisha kabla mteja hajapanda ngazi, na chumba hakikufungwa. Kisha akaufuta ule mstari.

Tangu hapo nikawa nafika kabla hajaondoka, anionyeshe alipoachia. Nikikuta kiti kitupu, sikuandika amri yoyote. Nilishuka kwanza barabarani kuuliza njia ya Buterere ikoje.